Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Ensaiklopidia Yetu: Mwacheni Bond Aitwe Bond

KWA: Wasimamizi na Bodi ya Uhariri, ensaiklopidia ya Kiswahili ya mtandaoni
KUTOKA: Mhariri wa kujitolea, Kondele, Kisumu
MINT: MAKALA YA MFULULIZO WA FILAMU ZA JAMES BOND

Waheshimiwa,

Natanguliza salamu na heshima zangu. Sikupenda tufike hapa. Nimewaandikia kwa faragha mara tatu. Barua ya kwanza mliijibu kwa neno moja, "Tumepokea." Ya pili haikujibiwa. Ya tatu ilijibiwa kwa kitendo: makala ilifungwa, nisiweze kuigusa tena. Jirani yangu hapa ananiambia niachane nayo, eti sinema ya Mzungu mwenye bastola si jambo la kumkosesha mtu mzima usingizi. Huenda ana haki. Ila yeye hakuwapo dukani siku ile.

Nina saiba ndogo, kompyuta nne na printa moja inayokohoa. Juzijuzi aliingia binti wa kidato cha pili, yuko katika chama cha filamu cha shule yao, akataka nimtolee makala ya James Bond kwenye karatasi. Kurasa kumi na moja, shilingi kumi kila ukurasa. Akalipa, akasimama pale kaunta akisoma huku kurasa za mwisho zikiendelea kutoka. Kisha akainua macho: "Anko, huyu James Dhamana alishikwa kwa kesi gani?"

Nilimrudishia shilingi zake mia moja na kumi. Karatasi nilibaki nazo, na ndizo zilizo mbele yangu ninapoandika, zimejaa wino mwekundu.

Mmeniuliza, katika lile jibu mlilomwandikia mwenzangu badala ya kuniandikia mimi, nina shahada gani ya filamu. Sina. Nilichonacho ni miaka ya utotoni katika kibanda cha video, mabenchi ya mbao, mapazia ya magunia, jenereta ikinguruma nje na televisheni moja ikiwa imeinuliwa juu ya kabati ili wa nyuma waone. Mwenye kibanda alisimama kando ya skrini akitutafsiria kwa mdomo, Kijaluo kikiingiliana na Kiswahili, bila kusubiri wala kutafuta maneno. Yule mzee hakumaliza darasa la saba. Lakini Bond alipojitambulisha, mzee alisema, "Naitwa Bond. James Bond," akaliacha jina lilivyo. Hakumwita Dhamana hata siku moja.

Sasa malalamiko yangu, moja baada ya jingine.

1. Jina la mtu halitafsiriwi.

Makala yenu inaanza vizuri. Aya tatu za mwanzo zimeandikwa na binadamu, inaonekana. Kuanzia sehemu ya pili mtambo wa kutafsiri umeachiwa usukani, na Bond, kwa kuwa neno bond la Kiingereza lina maana ya dhamana, anageuka kuwa Dhamana: "Dhamana alirudi London," "adui wa Dhamana," na, Mungu atusamehe, "wasichana wa Dhamana." Huku kwetu ukisikia msichana wa dhamana unamfikiria binti aliyekaa nje ya mahakama tangu asubuhi, amebana hati ya shamba kwapani, akisubiri kaka yake atolewe.

Bond ni jina la ukoo. Ian Fleming, aliyemtunga jasusi huyu katika riwaya ya Casino Royale mwaka 1953, alilichukua kutoka kwa Mmarekani halisi, mtaalamu wa ndege aliyeandika kitabu kuhusu ndege wa visiwa vya Karibi. Fleming alikuwa na nyumba Jamaika na kitabu hicho alikuwa nacho. Alitaka jina fupi, la kawaida, lisilo na mapambo. Kulitafsiri ni sawa na kumchukua fundi wangu Otieno na kumwandika "Usiku" kwenye risiti kwa kuwa ndivyo jina lake linavyoeleza saa aliyozaliwa.

Na si jina peke yake. Ile picha inayofungua karibu kila filamu, duara jeupe, mtu anatembea, anageuka, anafyatua, damu inateremka, aliyoibuni Maurice Binder kwa ajili ya filamu ya kwanza, Dr. No, ninyi mnaiita "pipa la bunduki." Pipa ni la maji. Bunduki ina mtutu. Sehemu inayosimulia hadithi ya filamu mmeipa kichwa "Kiwanja". Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani mtu ameingiza tangazo la ploti za hamsini kwa mia. Mapato ya tiketi yamekuwa "ofisi ya sanduku," hivyo tunaambiwa kwamba mwaka 2012 ofisi ya sanduku ya Skyfall ilivuka dola bilioni moja. Jasusi amekuwa "wakala wa siri," na kwa Mkenya wakala ni yule wa kibanda cha kutolea pesa. Wakala wa siri labda ni yule asiye na leseni.

Niliyarekebisha yote haya kwa jioni nne. Yalirudishwa kama yalivyokuwa kabla sijafunga duka usiku wa nne.

2. Hesabu haiingiani.

Utangulizi wenu unasema filamu ni 27. Jedwali lina 24. Sehemu ya waigizaji inasema 25. Msomaji achague anayoipenda?

Jibu si gumu, ila linahitaji maelezo, na maelezo hayo ndiyo utamu wenyewe wa makala. Kampuni ya Eon, iliyoanzishwa mwaka 1961 na Albert R. Broccoli na Harry Saltzman, imetoa filamu 25, kutoka Dr. No ya 1962 hadi No Time to Die ya 2021. Sean Connery 6, George Lazenby 1, Roger Moore 7, Timothy Dalton 2, Pierce Brosnan 4, Daniel Craig 5. Jumlisheni. Nje ya Eon ziko mbili: Casino Royale ya 1967, ambayo ni kichekesho, na Never Say Never Again ya 1983. Hizo ndizo zinazofikisha 27. Kabla ya zote kulikuwa na mchezo wa televisheni wa Marekani mwaka 1954, Barry Nelson akiwa Bond, lakini huo si filamu ya sinema na hauhesabiwi.

Kwa nini mwaka 1983 dunia iliona Bond wawili, Moore katika Octopussy na Connery katika ile nyingine? Makala yenu imekaa kimya, na hapa ndipo mahali pa kusimulia. Fleming aliandaa mswada wa filamu pamoja na mtayarishaji wa filamu Kevin McClory na mwandishi Jack Whittingham. Filamu haikutengenezwa wakati huo, naye Fleming akaigeuza hadithi hiyo kuwa riwaya yake ya Thunderball mwaka 1961 bila kuwataja wenzake. McClory akaenda mahakamani. Wakapatana mwaka 1963, McClory akabaki na haki ya kuitengenezea hadithi ile filamu. Thunderball ya 1965 akaitoa akishirikiana na Eon, na ile ya 1983 ni hadithi ileile imerudiwa, ndiyo maana Connery akarudi akiwa na umri wa miaka 52 nje ya kampuni iliyompa umaarufu. Kwa hiyo mtu akisema Connery alicheza Bond mara saba hajakosea, na akisema sita hajakosea. Niliandika aya mbili juu ya jambo hili. Mlizifuta mkaandika: "Si muhimu."

Hata mwaka wa filamu ya kwanza umekosewa. Mmeandika 1963. Dr. No ilionyeshwa London tarehe 5 Oktoba 1962. Iliyoingia mwaka 1963 ni zamu ya Marekani. Aliyetafsiri alishika tarehe ya Marekani, basi.

3. Mbale.

Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu liko karibu nami.

Casino Royale ya 2006, ya kwanza ya Daniel Craig, ina tukio la mapema kambini kwa waasi, mvua inanyesha, kiongozi wao Obanno anamkabidhi mtu pesa azitunze. Obanno anaigizwa na Isaach de Bankolé, mzaliwa wa Kodivaa. Kwenye skrini yanaandikwa maneno mawili: Mbale, Uganda. Makala yenu inasema waasi hao walipiga kambi "Mbale, Magharibi mwa Kenya," na ukibonyeza neno Mbale unapelekwa kwenye makala ya mji wa Mbale ulio Vihiga.

Waheshimiwa, mimi hupita Mbale ya Vihiga kila ninapokwenda Kakamega. Unatoka Kisumu, unapanda mlima, Kiboswa, Majengo, halafu Mbale yenyewe, makao makuu ya kaunti, ndizi kando ya barabara na matatu zikigombania abiria. Waasi hawajawahi kupiga kambi pale. Mbale ya filamu iko ng'ambo ya pili ya Mlima Elgon, na watu wa Bungoma huifikia kwa kupitia Lwakhakha. Majina yamefanana, na watu wa pande hizi ni ndugu, lakini ni miji miwili.

Nilibadilisha kiungo kimoja tu. Neno moja! Likarudishwa baada ya dakika tisa, na sababu iliyoandikwa ilikuwa "uharibifu." Nimekulia kilomita chache kutoka pale, naitwa mharibifu na mtu ambaye sina hakika kama amewahi kuiona Mbale yoyote kati ya hizo mbili.

4. Afrika imeachwa nje.

Kama kuna sababu ya kuwa na makala hii kwa Kiswahili badala ya kumwambia msomaji akasome ya Kiingereza, ni kumwonyesha yale ambayo makala ya Kiingereza inayapita mbio. Mwaka 1977, The Spy Who Loved Me ilipelekwa Misri. Lile jitu la meno ya chuma, ambalo kibandani tulikuwa tukiliita Meno tu, linaua mtu penye maonyesho ya usiku ya taa na sauti chini ya piramidi za Giza, kisha linafukuzana na Bond katikati ya nguzo za Karnak. Tulipoiona tuliamini Misri yote ni ya majitu. Mwaka 1987 The Living Daylights ilipigwa Tangier, na jangwa la Moroko likasimama badala ya Afghanistan. Mwaka 2015 Spectre ililipua kambi nzima huko Erfoud, Moroko hiyohiyo, na mlipuko ule ukaingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Na zile mbio za Craig juu ya kreni, ambazo filamu inatuambia ziko Madagaska, zilipigwa Bahamas. Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kujua lini Afrika ilitumiwa kweli na lini iliigizwa tu.

Makala yenu haina hata sentensi moja juu ya haya. Ina aya nne kuhusu magari.

5. Muziki. Kwa ufupi: ule wimbo wa gitaa unaojulikana dunia nzima mmeuandika kuwa utunzi wa John Barry. Barry aliupanga na kuupigisha. Mtunzi anayetambuliwa ni Monty Norman, na jambo hilo lilifika mahakamani London mwaka 2001, Norman akalishinda gazeti lililodai vinginevyo na kulipwa fidia ya pauni 30,000. Rekebisheni jina moja tu.

6. Makala ilisimama 2015.

Kibandani kwetu sheria ilikuwa moja: staringi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa, kutupwa kwa papa, lakini hafi. Makala yenu bado inaishi chini ya sheria hiyo. Inasema Craig "anatarajiwa kuendelea" na kwamba Bond "hajawahi kufa katika filamu yoyote." Asiyeitazama No Time to Die na aruke sentensi inayofuata. Bond anakufa mwishoni, amesimama juu ya kisiwa makombora yakishuka. Filamu hiyo ilipangiwa Aprili 2020, korona ikaisukuma mara baada ya mara, ikazinduliwa London mwishoni mwa Septemba 2021.

Baada ya hapo yametokea mambo makubwa zaidi ya kifo hicho. Mwaka 2022 Amazon ilikamilisha kuinunua MGM, studio ya Marekani yenye sehemu ya haki za filamu za Bond. Februari 2025 ilitangazwa kwamba Barbara Broccoli, binti wa yule mwanzilishi, na kaka yake wa kambo Michael G. Wilson wanaiachia Amazon uamuzi wa kisanaa, uamuzi uliokaa mikononi mwa familia moja kwa zaidi ya miaka 60. Katikati ya mwaka huohuo Denis Villeneuve akatajwa kuwa mwongozaji wa filamu ijayo. Haya yote yalitangazwa hadharani. Niliyaandika. Yamefutwa.

7. Namna mnavyofuta.

Makosa ya makala yoyote ni ya kawaida, na mimi nimeandika ya kwangu. Mwaka jana niliandika Lazenby kuwa Mwingereza, mtu akanikosoa kwa adabu kwamba ni Mwaustralia, nikashukuru. Ndivyo kazi hii inavyokwenda. Ninacholalamikia ni mkono unaofuta bila kusema. Katika historia ya makala kuna marekebisho yangu 31 yaliyotenguliwa, na sababu zilizoandikwa ni tatu tu: "uharibifu," "si muhimu," na nukta. Ndiyo, nukta moja tu.

Najua mtakayosema, kwa hiyo nitangulie.

Mtasema ninyi ni watu wa kujitolea na hamna muda. Nami sijalipwa shilingi. Aliyepata muda wa kufuta marekebisho 31 anao muda wa kuandika maneno sita ya sababu.

Mtasema ni sinema tu, kuna makala za malaria na katiba zinazongoja. Kweli zinangoja, na simzuii mtu kuzishughulikia. Lakini binti yule hakuja kuchapa katiba. Alikuja na anachokipenda, na hapo ndipo alipokutana na Kiswahili cha kwenye skrini kwa mara ya kwanza bila mwalimu kumsukuma. Akikuta "pipa la bunduki," kesho atafungua ya Kiingereza, na hata ile ya malaria hataitafuta kwenu.

Mtasema, na hili mmoja wenu amekwisha kulisema, kwamba Kiswahili cha Kisumu si sanifu na kwamba sisi wa bara tuwaachie wenyewe. Nitalijibu taratibu. Sijawahi kudai kuwa mzaliwa wa Lamu. Kiswahili changu nimekisoma darasani, nimekitahiniwa, nimekitumia sokoni Kibuye na stendi ya magari, na kila siku nakitumia kaunta hapa na Waluhya, Wakisii, Wajaluo na Wahindi ambao bila hicho tungekuwa tunaonyeshana vidole. Kama nimekosea ngeli, nionyesheni ngeli. Lakini aliyeandika "ofisi ya sanduku" hakutoka Kisumu wala Mombasa. Ni mtambo. Inakuwaje mtambo usiojua Kiswahili unaaminiwa kuliko mtu wa bara anayekijua?

Ninachoomba ni hiki, na naomba nijibiwe hadharani kabla ya mwisho wa mwezi ujao:

a) Makala ifunguliwe kwa wahariri wote waliojisajili.

b) Jina Bond lirudishwe kila mahali, na majina ya filamu yabaki kama yalivyotolewa, na maana yake ielezwe kwa Kiswahili chini yake panapohitajika.

c) Mbale iunganishwe na Mbale ya Uganda. Hili linaweza kufanyika leo, kabla hamjamaliza kusoma barua hii.

d) Yeyote anayetengua kazi ya mwenzake aandike sababu inayoweza kujibiwa. Nukta si sababu.

Siombi kuwa msimamizi, wala siombi mtu afukuzwe. Mkiona aya zangu mbili za kesi ya McClory ni ndefu, zifupisheni. Nitabishana nanyi kwenye ukurasa wa majadiliano, kisha tutakubaliana.

Zile kurasa kumi na moja zenye wino mwekundu bado ziko hapa kaunta, chini ya kikokotoo ili zisipeperushwe na feni. Yule binti amepita mara mbili kuuliza kama "imetengenezwa." Nimemwambia angoje kidogo. Mmoja wenu akipita Kisumu, ashuke Kondele aulize saiba yenye printa inayokohoa. Nitampa nakala bila malipo.

Wenu katika lugha,

Mhariri wa kujitolea,
Kondele, Kisumu.